Tokeni ikaguliwe anwani, si jina

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Mwezi uliopita, hapa Katuba, Lubumbashi, mpwa wangu aliuza simu yake akalipwa kwa tokeni, yaani sarafu ya kidijitali, iliyoonekana katika pochi yake ya kielektroniki kwa jina la USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola ya Marekani, na kesho yake hakupata hata mtu mmoja wa kumbadilishia.

Tulikaa mbele ya kompyuta, nikafungua ethereumetl, programu ya bure iliyoandikwa kwa Python, ambayo huendeshwa kwa kuandika amri: unataja bloku (fungu la miamala) ya kuanzia, bloku ya kumalizia na anwani ya seva yenye kumbukumbu za Ethereum, mtandao ambamo tokeni kama hizo husajiliwa, nayo inakuletea faili la CSV, yaani jedwali, linaloonyesha, kwa kila uhamisho, mtoaji, mpokeaji, kiasi na anwani ya mkataba wa tokeni, yaani programu inayoiendesha tokeni hiyo. Anwani hiyo ya mkataba, yenye herufi na tarakimu 42 na inayoanza na 0x, ndiyo kitambulisho. Jina yeyote aweza kulinakili. Ile ya mpwa wangu haikuwa ya USDT. Amri nyingine ilituonyesha kwamba mkataba wake unatumia desimali 18, yaani tarakimu 18 baada ya nukta, ilhali USDT halisi kwenye Ethereum hutumia 6. Kijana alinyamaza kwa muda mrefu, nami niliumia kumwona hivyo.

Nawasihi wanafunzi wetu wa kompyuta wawafundishe wauza simu na wabadilishaji wa fedha kulinganisha anwani kabla ya kukabidhi mali, na gazeti lako liwatengee safu ya kufanya hivyo.

Msomaji wako,
Lubumbashi