Usikubali watoe thamostati: barua kuhusu Corolla ya Baba

Sharjah, 9 Juni

Mdogo wangu Shabani,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, tatizo letu ni joto tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili ili nisikose kitu. Umesema Corolla inachemsha ukianza kupanda kutoka Mombo, hata Soni hujafika. Umesema fundi ameshauri thamostati, kile kidude kinachoongoza mzunguko wa maji ya kupoza injini, itolewe na feni iungwe dairekti, yaani moja kwa moja kwenye betri. Na umesema kila asubuhi unaongeza maji ya bomba. Naanza na hilo la fundi, maana ndilo litakaloua injini. Usikubali.

Najua atakachokuambia: nchi yetu ni ya joto, thamostati ni ya watu wa barafu. Mjibu kwamba huku kiangazi joto linavuka nyuzi 45, na Corolla za rika hilo hilo zinatembea na thamostati zake ndani. Kile kidude hakikuwekwa kwa ajili ya baridi peke yake.

Kwenye injini ya 5A-FE, iliyo kwenye hiyo Corolla 110 ya Baba, thamostati imekaa upande wa maji yanayoingia injini, pale mpira wa chini wa rejeta unapoishia. Ina vali mbili kwenye mhimili mmoja. Ile kubwa hufungua njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Ile ndogo ya nyuma huziba njia ya mkato, ambayo kwayo maji moto huzunguka na kurudi injini bila kupita kwenye rejeta. Injini ikiwa baridi, kubwa imefungwa na ya mkato iko wazi, ili injini ipate moto haraka. Maji yakifika nyuzi 82 kubwa huanza kufunguka, na kadiri joto linavyopanda ndivyo ndogo inavyoziba mkato, hadi maji yote yalazimike kupita kwenye rejeta.

Ukiitoa, umetoa vali zote mbili. Mkato unabaki wazi daima, na sehemu ya maji moto inazunguka humo humo. Barabara ya tambarare hutaona kitu. Mshale wa joto utakaa chini kuliko zamani na fundi atasifiwa. Ukianza kupanda Lushoto na abiria wanne na magunia ya viazi, hapo ndipo unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, na halipiti.

Kuna hasara ya pili, ya kimya. Tambarare injini haifiki joto lake, sensa ya maji inaiambia kompyuta kwamba gari bado la asubuhi, na kompyuta inaongeza petroli. Petroli hiyo ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kwa hiyo gari linakunywa mafuta na injini inalika, na hakuna atakayekumbuka kwamba chanzo ni kidude cha nyuzi 82.

Sasa tutafute kwa nini linachemsha. Anza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote: mfuniko wa rejeta. Ufungue injini ikiwa baridi kabisa, asubuhi, kabla ya kuwasha. Juu yake pameandikwa 0.9. Hicho ni kiasi cha presha unayoishikilia, na presha hiyo ndiyo inayofanya maji matupu yasichemke hadi nyuzi 118 hivi. Mfuniko uliochoka hauishiki, kwa hiyo maji yanachemka kwenye 100. Halafu kumbuka mnakopanda. Mji wa Lushoto uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Feni ya gari hilo huwaka maji yakifika kama 93. Unaona nafasi iliyobaki? Gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuchemsha huku feni, rejeta na pampu vyote ni vizima.

Kagua mpira wa mfuniko: ukiwa na nyufa au umekakamaa, tupa. Katikati pana vali ndogo. Ivute kwa kucha na uiachie, irudi yenyewe kwa kishindo kidogo. Ikikwama, utakuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama mrija ulionyonywa, na maji ya kwenye chupa ya akiba hayarudi kwenye rejeta.

Feni sasa. Zima injini, zima AC, washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake. Fuata mpira wa chini wa rejeta hadi kwenye injini. Swichi ya feni iko maeneo hayo hayo ya thamostati. Chomoa soketi yake, vidole vikiwa mbali na mapanga. Feni izunguke papo hapo. Mafundi wengi hapa hupotea: waya umechomolewa, feni inawezaje kuwaka? Toyota waliipanga makusudi. Maji yakiwa baridi, swichi inafunga sakiti na kuivuta rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ili feni ilale. Maji yakipata moto swichi inaachia, rilei inarudi na feni inawaka. Waya ukikatika njiani, feni inazunguka muda wote badala ya kugoma. Kwa hiyo feni isiyozima si lazima iwe imeharibika yenyewe. Tafuta waya au swichi.

Ikigoma kabisa, tazama fyuzi ya feni, ya ampea 30, kisha badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi hilo hilo. Bado? Peleka waya mbili kutoka betri hadi soketi ya mota, sekunde chache, kwa kupima tu. Ikizunguka, kosa liko kwenye waya. Isipozunguka, au isipoanza mpaka uisukume kwa kijiti, kaboni za mota zimekwisha. Kuunga dairekti hakuponyi lolote kati ya hayo. Kunapitisha umeme mkubwa kwenye waya mwembamba usio na fyuzi, na wakikuwekea na swichi ya kubonyeza, siku moja Baba atasahau kuibonyeza.

Kabla ya kufungua chochote, mulika tochi kati ya kondensa ya AC na rejeta. Wadudu, vumbi na majani hujaa hapo na ukiangalia kwa mbele huoni. Osha kwa mpira wa bustani, ukitokea upande wa injini kuelekea nje, kwa maji ya nguvu ndogo. Zile mashine za kuoshea magari zinalaza mapezi ya rejeta, na yakilala hayapitishi upepo tena. Bonyeza pia mkanda wa altaneta kwa kidole gumba, maana ndio huo huo unaozungusha wota pampu: ukizama zaidi ya sentimita moja umelegea. Chini ya shafti ya pampu pana kitundu. Kikiwa na michirizi ya kutu au rangi ya kulanti (dawa ya kupozea injini), sili ya pampu imeanza kuvuja.

Kazi yenyewe itakuchukua asubuhi moja. Weka beseni chini ya rejeta, fungua koki ya chini, kisha mfuniko wa juu. Kwenye ubavu wa bloku kuna koki nyingine ambayo karibu kila mtu huisahau, na tope lote linakaa huko. Kulanti usiimwage uani: ni tamu na ni sumu, kuku na paka wataifuata. Weka hita kwenye moto mkali ili nayo ifunguke, kisha pitisha maji safi mpaka yatoke meupe.

Nyumba ya thamostati inashikwa na nati mbili za spana namba 10. Zikiwa na kutu, zipulizie mafuta usiku wa kuamkia kazi. Ukitoa thamostati ya zamani (kama bado ipo!), kwangua uso wa chuma kwa kijiti au plastiki, si kwa bisibisi. Nimekutumia mpya ya nyuzi 82 pamoja na ringi yake ya mpira, lakini usiifunge bila kuipima, kwani bandia zimejaa kila soko, na hili la huku pia. Pitisha uzi kwenye mdomo wa vali kubwa, uining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, washa jiko. Maji yakianza kutoa moshi, kabla hayajachemka, vali iachie uzi na thamostati idondoke. Yakichemka iwe imefunguka milimita 8 au zaidi, kama unene wa penseli. Iache ipoe uone kama inafunga kabisa. Ifanyie hivyo na ile ya zamani. Huenda utakuta ndiyo iliyokuwa inafunguka nusu.

Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndicho kinachopitisha hewa. Kikikaa chini hewa inanaswa, na utachemsha na vipuri vipya. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo. Nguvu ya kifundo cha mkono inatosha, usiweke bomba kwenye spana.

Maji ya bomba basi tena. Chokaa yake inaganda ndani ya mirija ya rejeta na kutu inatafuna pampu. Mfumo wote unachukua kati ya lita 5 na 6, na baada ya kuosha kuna maji yanayobaki ndani, kwa hiyo mimina kwanza lita 3 za kulanti isiyochanganywa, kisha jaliza kwa maji yaliyotoneshwa. Ukienda kununua usiseme tu "maji ya betri", maana kuna wauzaji watakupa asidi. Maji ya kunywa ya chupa hayafai, yana madini. Poda na dawa za kuziba matundu usiweke hata moja, zinaziba na mirija mizima.

Jaza polepole. Washa injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa moto, ubonyezebonyeze mpira wa juu ili hewa itoke. Mpira wa chini ukipata moto ghafla, ujue thamostati imefunguka. Jaliza, funga, weka chupa ya akiba hadi alama ya FULL. Kesho yake asubuhi tazama tena, karibu kila mara patakuwa pameshuka kidogo.

Ukiwa mlimani na mshale ukavuka nusu: zima AC, fungua hita yote na vioo, weka gia kwenye 2 na usikanyage sana. Ukiona mvuke, simama pembeni na uzime. Usifungue mfuniko kabla ya nusu saa, na hata hapo tumia kitambaa kinene. Usimwagie injini maji baridi, hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, itapinda. Na mshale ukishuka ghafla wakati gari linaunguruma vibaya, usishukuru: sensa ya geji inapima maji, na yakiisha inakaa kwenye hewa na kusoma chini.

Kama yote haya ni sawa na bado linachemsha, fungua mfuniko asubuhi, washa injini ya baridi. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha, ni gasketi ya hedi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni hiyo hiyo. Hapo acha kuendesha, na usimruhusu fundi abadilishe gasketi bila kupima hedi kwa rula ya chuma: mwisho wa kupinda ni milimita 0.05. Bolti zake 10 ni za urefu wa aina mbili, zisichanganywe, na zinakazwa kwa nguvu ya Nm 29, kisha zinazungushwa nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha nyuzi 90 tena. Fundi asiyekuwa na spana ya kipimo akisema anakaza kwa mazoea, tafuta mwingine.

Mzigo anauleta mtu anayesafiri Jumamosi: thamostati na ringi, mfuniko wa 0.9, mipira ya juu na ya chini, na vibano vinne vya bisibisi. Kulanti sikutuma kwa sababu ya uzito, ipo Tanga. Ukishafunga, nipigie picha ya mshale ukiwa umefika Soni, na nyingine ya chupa ya akiba asubuhi yake.

Mfikishie Baba shikamoo yangu, na Mama pia. Mwambie Baba funguo za gari akae nazo yeye mpaka mzigo ufike.

Kaka yako