Taarifa ya Mwenyekiti ya Mwaka: Suala la Mashine ya 3D, Kozi na Ada

Ndugu wanachama, madaktari na matabibu wa meno, nawasalimu.

Za kawaida nisiwachoshe. Machi 20, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, tulipima watoto shuleni kama kila mwaka, kamati ilikaa vikao vyake, misiba tumechangia. Mnayajua.

Sasa twende kwenye lile lililochafua grupu la WhatsApp, yani kwa nini kamati ilikataa kununua mashine ya CBCT ya chama, ile eksirei ya 3D ya meno na taya, hela ikaenda kwenye kozi ya kusoma picha za 3D na programu ya akili mnemba ya mwaka mmoja. Kuna waliosema mwenyekiti kanunua hewa, nimewasoma wote na majina nayajua. Ile mashine siyo friji useme unaileta unachomeka. Inatoa mionzi, kwahiyo kuna leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, kuna chumba chenye kuta za madini ya risasi za kuzuia mionzi, kuna mtu wa usalama wa mionzi, hapo hata fundi na stabilaiza hatujavigusa. Halafu nani anasoma? Picha moja ni mamia ya vipande, na ukishaiomba unatakiwa uipitie yote, siyo lile jino lako tu.

Na mashine yenye deni, ili ijilipe, inampiga picha kila anayeingia mlangoni, tusidanganyane. OPG, ile eksirei ya kawaida ya kinywa kizima, mionzi yake ni kama maikrosiveti 25 kushuka chini, CBCT kutegemea mashine na ukubwa wa eneo inaweza kuwa kumi na kitu au ikavuka 1,000, sasa mtoto wa miaka 9 mwenye jino moja bovu unampigia ya nini? Mwenye gego la mwisho ambalo mizizi imekaa juu ya mshipa wa fahamu, au anayewekewa implanti, yani jino bandia la kufungwa kwenye mfupa wa taya, huyo tunampa rufaa yenye maelezo yanayoeleweka. Kazi kwisha.

Programu nayo siyo daktari, sijawahi kusema hivyo. Inapitia eksirei ambazo tayari mnazo, inaweka alama ilipohisi jino limeoza au mfupa unaoshika jino umeshuka, uamuzi ni wako. Inakosea pia, kivuli tu cha shingoni mwa jino inaweza kukuambia limeoza ukatoboa jino la mtu lisilo na tatizo, ndiyo maana nilisema kozi kwanza. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, imepitisha programu kadhaa za hivi tangu 2021, kwahiyo huu siyo uganga wangu.

Mnanung'unika kwamba mkufunzi wa kozi nimesoma naye, ni kweli, na punguzo nililipata mimi kwa vocha yangu, hilo hamlitaji. Lakini tuko 84, kwenye kozi wamekuja 19, na wanne wakapotea baada ya chai. Waliopiga kelele zaidi kuhusu mashine sikuwaona hata mmoja!

Ada ni 60,000. Wamelipa 37, ndiyo 2,220,000, bado 47 tunawadai 2,820,000, na humo wamo waliotaka tununue mashine ya mamilioni.

Mwakani Mungu akipenda tutarudia kozi, labda tuongee na hospitali yenye CBCT watupunguzie bei ya rufaa, na mashine yenyewe tutaona huko mbele hali ikiruhusu. Programu inaisha muda karibuni, mwenye ada isiyolipwa hataongezewa. Mweka hazina amekaa hapo na kitabu cha risiti, pitieni kwake kabla ya chakula.