Barua kwa Mwanangu: Ndege za Wanamaji Nilizoziona Yeovilton

Bristol, Uingereza

Mwanangu mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi zikufikie wewe pamoja na wenzako wa chuoni. Mimi na kaka yako tu wazima, ila baridi ya huku haina huruma. Uliniomba nikusimulie juu ya makumbusho ya ndege tuliyokwenda kuyatazama, nami nimeona kwamba simu haitatosha, kwa kuwa wewe unayesomea ufundi wa ndege utataka kujua mambo ambayo mtazamaji wa kawaida huyapita bila kugeuka.

Makumbusho hayo ni ya kikosi cha anga cha Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Yapo Yeovilton, katika jimbo la Somerset, kando kabisa ya kiwanja ambacho helikopta za jeshi hilo hurukia na kutua hadi leo. Wageni wengi hukimbilia Concorde, ndege ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti, ile ya kwanza kuundwa Uingereza, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 9 Aprili 1969, ingawa haikuwa ya wanamaji hata siku moja. Ni ndege nzuri, siwezi kukataa, lakini imeng'arishwa mno, na mimi kitu kilichong'arishwa mno hakinielezi mengi.

Nilikaa sana mbele ya ndege ya kivita iitwayo Corsair, iliyoundwa Marekani mwaka 1944 na kampuni ya Goodyear, kisha ikapewa Waingereza. Katika miaka ya 1960 ilipakwa rangi mpya ili ipendeze machoni pa wageni. Baadaye mafundi wa makumbusho waliamua kuibandua rangi hiyo ya juu kwa mkono, kipande kwa kipande, kwa subira ya miaka kadhaa, bila kuijeruhi ile ya chini, mpaka ikajitokeza rangi ya kiwandani pamoja na alama zake. Nilivaa miwani nikaisogelea kadiri walinzi walivyoruhusu. Rangi imepauka na kuchubuka, na maandishi madogo ya kiwandani bado yanasomeka. Kaka yako alisema ndege hiyo inahitaji kupakwa rangi upya, nilimwambia anyamaze.

Tazama pia ncha za mabawa ya ndege hiyo utakapoiona kwenye picha nilizokutumia. Waingereza walizipunguza inchi 8 kila upande. Ndege zinazobebwa na manowari hukunja mabawa ili ziingie katika ghala lililo chini ya sitaha, na ya Corsair hukunjwa kuelekea juu. Sasa dari za maghala ya manowari nyingi za Kiingereza zilikuwa fupi, ndege haikuweza kuingia, na kwa kuwa meli haikatiki, ikakatwa ndege.

Katika ukumbi mwingine limo gofu la ndege ya baharini, Short 184, yenye namba 8359. Imebaki sehemu ya mbele tu ya kiwiliwili chake, mbao na vyuma vikiwa wazi, kwa sababu bomu la Wajerumani liliiharibu mwaka 1940 ilipokuwa ikihifadhiwa London. Hakuna aliyejaribu kuijenga upya, na nawapongeza kwa hilo. Tarehe 31 Mei 1916 ndege hiyohiyo iliruka katika vita vya Jutland, mapigano ya baharini kati ya Waingereza na Wajerumani, ikiwa na rubani Frederick Rutland na mwenzake Trewin aliyekuwa mtazamaji, yaani wa kumwangalia adui kutoka angani. Waliruka chini ya mawingu mazito, wakaziona meli za Wajerumani na kutuma habari kwa simu ya upepo, mpaka bomba la petroli lilipokatika. Rutland akatua baharini, akaliunga bomba kwa kipande cha mpira, na ndege ikawa tayari kuruka tena. Bahati mbaya habari zao hazikumfikia kamanda aliyezihitaji.

Hapo ndipo mawazo yangu yaliporudi kwetu, kwa sababu mwaka mmoja tu kabla ya hapo wanamaji haohao walikuwa wakihangaika na ndege zao katika delta ya Rufiji. Unaifahamu habari ya Königsberg, manowari ya Wajerumani yenye dohani tatu, ‘manowari ya bomba tatu’ kama walivyoiita wazee. Baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya mikoko ambamo meli kubwa zisingeweza kuifuata. Shuleni nilikuwa nikifundisha kisa hicho kama habari ya meli mbili, na vitabu tulivyokuwa navyo havikugusia ndege. Kumbe ndege ndizo zilizoamua.

Ndege za kwanza za jeshi kuletwa, Sopwith za kuelea majini, zilishindwa na joto: gundi iliachia, mbao zikapinda, na injini hazikuweza kuzinyanyua zikiwa na mabomu. Wewe unajua sababu kuliko mimi, kwamba hewa ya joto ni nyepesi, hivyo injini hupungukiwa nguvu na bawa nalo hukosa la kuegemea. Hatimaye, baada ya Waingereza kuitwaa Mafia, walisafisha kiwanja kisiwani humo na kuleta ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron. Meli mbili za Waingereza za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikawa zinapiga mizinga bila kuiona shabaha yao, na watu wa angani ndio waliozijulisha kila kombora lilikoangukia.

Tarehe 11 Julai 1915 zamu ilikuwa ya Cull, rubani, na Arnold, mtazamaji wake. Ndege yao ilipigwa na injini ikafa. Badala ya kushughulikia maisha yake, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha wakati ndege ikishuka, nayo makombora yakaanza kuipata Königsberg. Ndege ilitumbukia mtoni karibu na Mersey na kupinduka, Cull akanaswa ndani ya mkanda wake, lakini wote wawili waliokolewa. Siku hiyohiyo Wajerumani waliilipua meli yao wenyewe.

Nilitembea kumbi zote nikitafuta ndege iliyopata kuruka Rufiji, sikuiona. Ile Short 184 ndiyo iliyonisaidia kupata picha, maana ni ya zama zilezile, mbao na nguo tupu.

Mengine nitakueleza nikirudi, ikiwemo ile Vampire ambayo rubani Eric Brown aliitua juu ya manowari ya kubebea ndege, Ocean, tarehe 3 Desemba 1945, ndege ya kwanza ya jeti kufanya hivyo. Kwa sasa nina maombi mawili. Muulize mwalimu wako wa karakana ni gundi gani iliyokuwa ikitumika katika ndege za mbao za wakati ule, na kwa nini iliachia katika joto la pwani. Na utakapokwenda Mombasa kwa shangazi yako, pita Fort Jesus ukapige picha mizinga miwili iliyopo pale, mmoja wa Königsberg na mwingine wa Pegasus, uniandikie upi ni upi.

Wasalaam,

Mama yako