Jani la mgomba, ukiwa London

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani Kilimanjaro. Sisi hatujambo. Mama yako mguu umepungua kuuma, na mvua za vuli zilijivuta sana lakini zimekuja. Ujumbe wako nimeusoma, nikaona haujibiki kwa kidole kwenye simu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kaka yako atazipiga picha hizi karatasi akutumie.

Unasema umekaa huko tangu mwezi wa tisa na hujachora London hata mara moja. Wenzako uliopewa nao hiyo nafasi ya kwenda kuchora wameshajaza kuta zao, wewe umejaza simu: madaraja, mabasi mekundu, mto, njiwa. Ukikaa mbele ya turubai mkono unakataa. Saa kumi jioni giza limeshaingia na unajiona umekula nauli ya watu bure. Halafu, katikati ya malalamiko hayo, ukamchomekea mama yako swali: jani la mgomba likishachanwa na upepo, vipande vyake vinakaaje? Mama yako alidhani unatania, hakujibu. Mimi nilichukua kiti nikatoka nje.

Basi sikia. Jani halichaniki ovyo. Linafuata mishipa midogo inayotoka kwenye uti wa katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo kila kipande kinabaki kimeshikwa na uti, na pengo kati ya kipande na kipande linaanza pembeni, likiishia ndani. Jani jipya la juu bado ni zima, limesimama, na jua likiwa nyuma yake linakuwa karibu na njano kuliko kijani. Ya katikati ndiyo yamechanika zaidi. Ya chini yamevunjika shingo na kulala juu ya shina, rangi ya tumbaku, na hayo hata upepo ukija hayachezi tena, yanakwaruza tu. Usiyachore yote kwa kijani kimoja. Mgomba wenye rangi moja ni wa kwenye kalenda.

Sasa nikuulize na mimi: kwa nini ulitaka kujua? Miaka yote uliyokaa hapa hukuniuliza kitu hicho hata siku moja. Migomba ilikuwa inagonga dirisha lako. Imebidi uende mpaka Uingereza, kwenye baridi, ndipo jani likakusumbua mpaka ukauliza. Nadhani safari yako imeshaanza kufanya kazi, ila wewe unaitazamia mlango wa mbele na yenyewe imeingilia uani.

Unamfahamu Sam Ntiro, nilikuwa nikiwafundisha habari zake chuoni na wewe ulikuwa unakuja kukaa nyuma ya darasa. Mtoto wa mlima huu huu, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma uchoraji Makerere kwa Margaret Trowell, kisha miaka ya 1950 akaenda chuo cha sanaa cha Slade, hapo hapo London ulipo wewe. Tanganyika ilipopata uhuru alirudi tena mji huo huo akiwa balozi wetu. Mtu aliyeujua mji kwa mguu na kwa gari la serikali. Na bado alichokuwa akikichora ni vihamba, haya mashamba yetu ya migomba yanayozunguka nyumba, watu wakilima kwa pamoja, watu wakijenga, ng'ombe, ndizi, kijani kilichopanda hadi juu ya picha. Ile yake ya mwaka 1956, wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku, iko New York kwenye Museum of Modern Art. Picha ya pombe yetu ya ndizi imevuka bahari.

Watu wengine wakisikia hivyo husema alikuwa anakumbuka nyumbani. Mimi sioni kwamba ni hilo tu. Ukiwa ndani ya kihamba huoni kihamba, unaona shina lililo mbele yako na jembe. Ntiro anaonyesha mteremko mzima, watu wadogo wadogo, wote wakiwa kazini, kama wanavyoonekana kwa mtu aliyesimama mbali sana. Mtu huyo alipata pa kusimama kwa sababu alisafiri.

Lakini nikwambie na upande wa pili, maana sipendi uige bila kuchuja. Baadhi ya picha zake mimi huziona zimezidi utamu. Hakuna aliyechoka. Hakuna ndugu wawili wanaogombea mpaka. Umbali ukiuachia unatia sukari, na wewe sasa hivi uko mbali, una baridi na umemiss ndizi za mama yako, kwa hiyo jihadhari. Kihamba unachokikumbuka kilishagawanywa. Kwa baba mdogo wako wamekata mara ya tatu, na kipande cha mwisho nyumba ikisimama hapabaki pa kuzikia mtu. Buni tuliing'oa upande wa chini, sasa kuna nyanya. Mfereji unakuja kwa zamu na zamu yenyewe ni ugomvi. Kama migomba inakujia, iache ije na hayo.

Mwingine ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaondoka kutafuta kazi, akakata mkonge Tanga, kisha akaingia Dar es Salaam. Huyo hakuna aliyempa tiketi ili akapate msukumo wa sanaa. Alifuata mshahara. Unaikumbuka ile njia ya basi kwenda Dar, tukishapita Mombo kuelekea Korogwe, jinsi safu za mkonge zinavyofunguka na kufumba kadiri gari linavyokwenda? Wewe ulikuwa unabandika pua kwenye kioo. Mtu aliyekuwa akiinama katikati ya safu hizo kwa panga hakuziona hivyo, na simlaumu kwamba picha zinazomfanya akumbukwe si za mkonge. Ni za wanyama na ndege, vitu vya upande wa kwao, vimewekwa juu ya vipande vya hadibodi vya mraba kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana na mfuko ukaviweza. Alianza karibu mwaka 1968 na mwaka 1972 akauawa, akiwa na miaka arobaini. Husemwa pia kwamba alishtuliwa na picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar. Kwa hiyo kuna safari unayoifunga na kuna safari ya wenzio inayokukuta mtaani kwako. Huko London umezungukwa na za namna hiyo. Yule mama Mbengali anayeuza samaki kwenye soko ulilonitumia picha zake, mimi nilimtazama zaidi ya madaraja yako yote. Anakata samaki bila kutazama kisu.

Najua utasema wapo waliofika ugenini wakachora ugenini papo hapo. Wapo. Paul Klee alikwenda Tunisia na wenzake wawili mwezi wa nne mwaka 1914, kama wiki mbili tu, na huko Kairouan akaandika kwenye shajara yake kwamba rangi imemshika na kwamba sasa yeye ni mchoraji. Kila mtu husimulia hizo wiki mbili. Hawasimulii kwamba alikuwa na miaka 34, ameshasomea sanaa Munich, ameshakwenda Italia na kurudi, na kwa miaka mingi amekuwa akichora kwa mistari, rangi ikimkwepa. Mwenzake August Macke alichora nyingi katika safari hiyo, za kupendeza mno, na mwezi wa tisa mwaka huo huo akafa vitani Ufaransa akiwa na miaka 27. Sijui nimeingizaje habari za vita hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba Kairouan ilimkuta mtu ambaye mkono wake ulishakuwa tayari kwa muda mrefu, ukisubiri.

Wako hauko tayari kwa sababu umeuachia simu. Hilo ndilo ninalokuomba, mama yangu: simu ikae mfukoni. Nunua daftari dogo, karatasi isiwe ghali kiasi cha kukuogopesha, na penseli laini. Kwenye basi chora mikono tu, watu hawakasiriki wakichorwa mikono. Giza la saa kumi lichore hilo hilo, maana huku halipo. Hapa jua linadondoka mara moja na taa ni chache, huko naona kwenye picha zako giza lina rangi ya chungwa chini na buluu juu, na lami yenye maji inairudisha yote. Usichague kama ni London au nyumbani. Jaza kurasa, jani la mgomba na mkono wa mwenye samaki vikae ukurasa mmoja, kisha uone kipi kinamsukuma mwenzake.

Na hao waliojaza kuta, wasikunyime usingizi. Wengine nimeziona kazi zao kwenye ulizotuma. Wana haraka.

Ukipata siku, nenda mtaa wa Gower Street, ndiko ilipo hiyo Slade. Hata kama hawakuruhusu kuingia, zunguka nje. Nataka kujua kama kuna mti wowote unaoonekana ukiwa karibu na madirisha.

Mama yako anauliza kama lile shuka zito lilifika au limekwama kwa yule dada wa Reading. Pia anasema ukila chipsi kila siku atajua.

Ni mimi,
Baba yako