Hiyo sauti ipumzishe

Mwanangu mpenzi,

Jumapili ulipopiga simu, hata kabla hujaniambia umepewa nafasi kubwa, nilishasikia: sauti imekwaruza. Ukasema ni baridi. Baridi gani huko Italia mwezi wa saba?

Tangu uende Modena, mdogo wako ananisomea habari za yule mama wa mji huo, Mirella Freni, mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha tumbaku pamoja na mamake Pavarotti, yule mwimbaji mwingine maarufu, na vichanga vyao vilinyonyeshwa na mama mmoja. Bado mtoto, akaimba kwenye mashindano ya redio wimbo wa Butterfly, yule mwanamke wa kwenye opera, wimbo wa mtu mzima. Beniamino Gigli, bingwa wa sauti ya tatu, akamwonya aache mpaka akue, la sivyo ataiharibu sauti. Akaacha. Amerudi kuimba ana miaka 17.

Na huyo Butterfly baadaye alimwimba studio, hata filamu wakatengeneza, ila jukwaani hakumgusa maisha yake yote. Karajan mwenyewe, yule kiongozi mkubwa wa okestra, alimtaka kwa Turandot, opera nzito kwa koo, akakataa. Alianza hapo hapo Modena mwaka 1955. Mwaka 2005, ana miaka 70, yuko Washington anaigiza kigoli. Miaka 50, mwanangu! Wewe una 23, nani anakukimbiza?

Usinijibu hilo. Ile ngao ya kwaya nimeitoa sebuleni, iko uvunguni. Kila mgeni akiisifia nakumbuka homa yako.

Sijasema ukatae. Nimejivuna, hata muuza mkaa nimemwambia. Lakini mwulize mwalimu wako kama koo lako linaiweza kazi hiyo sasa, na umuulize ukiwa umekwaruza hivyo hivyo, usinywe asali kwanza. Mbinu hiyo naijua, nani alikufundisha? Halafu kula. Kwenye picha shingo imebaki mifupa.

Mvua iling'oa bati mbili za jikoni. Pesa yako nimenunulia bati na misumari, fundi kala siku tatu kwa kazi ya siku moja. Iliyobaki sijaigusa. Kama uliipata kwa kuimba usiku kwenye harusi za watu, usitume tena, tutakinga ndoo. Kuku mweupe katotoa kumi, mwewe kachukua wawili.

Jumapili ukipiga usiongee. Nitaongea mimi.

Mama yako