Chupa zisubiri kwanza

Nakuru, Jumanne usiku

Kwako Baba Apiyo,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Hatujambo sote, mvua inanyesha na watoto wamefunga shule. Ujumbe wako niliusoma asubuhi, na tangu hapo sijatulia. Eti Jumamosi unaifunga ile stauti, bia yetu nyeusi, chupani ili iwahi sherehe ya shemeji? Ndugu yangu, nakuomba, usiifunge.

Kazi uliyoifanya naijua. Kukaanga shayiri mpaka iwe nyeusi bila kuiunguza ni kazi ya mtu mvumilivu, na kuanzia 1.090 kwenye haidromita, kile kipimo cha uzito wa sukari katika pombe (maji matupu ni 1.000), si mchezo. Lakini unasema jana haidromita ilisoma 1.036 na povu limeshaanguka, kwa hiyo imeiva. Povu kuanguka si kuiva! Stauti nzito hivyo inatakiwa ishuke hadi karibu 1.022. Chini ya hapo usitarajie sana, maana nafaka zilizokaangwa zinaacha vitu ambavyo hamira haiwezi kuvila. Hizo pointi 14 katikati, kutoka 36 hadi 22, ni sukari, karibu gramu 30 katika kila lita. Na gramu 4 tu zinatoa kama lita moja ya gesi. Piga hesabu mwenyewe: lita saba za gesi kwa kila lita ya pombe, na stauti inataka kama mbili tu. Halafu wewe bado unataka kuongeza sukari ya chupani, ile ya kuleta povu!

Gesi ikizidi, chupa inalipuka. Unakumbuka kabati la Baba Taabu? Kigae cha chupa kilizama kwenye mbao, juu kidogo ya pale mtoto anapochukulia vikombe. Mimi ndiye niliyekitoa, kwa koleo, na kiligoma kutoka. Chupa ni chupa, haijui shemeji amefika.

Tena kipimo chenyewe. Umepima ikiwa na joto la Kisumu, na haidromita nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 inasoma chini kwa pointi 2 hivi, kwa hiyo huenda uko 1.038. Na kabla ya kusoma izungushe kidogo kwa vidole, vipovu vinavyoshika shingo vitoke, maana hivyo navyo vinaiinua.

Nadhani hamira imechoka tu, usije ukaimwaga. Usifungue ndoo kila saa pia, hewa itaharibu ladha. Mfuniko ukiwa umebana, inamisha ndoo polepole ili hamira iliyolala chini iinuke, kisha iache hapo hapo jikoni. Siku za kwanza joto lenu ni adui, linaleta ule ukali wa kuchoma koo na kuumiza kichwa. Ndiyo maana nilikusumbua na habari ya karai la maji na gunia bichi la kuipoza ndoo. Lakini sasa inapomalizia, joto linaisaidia. Ukipata kipimo kile kile siku tatu mfululizo, na kiwe kimeshuka kweli, ndipo tuzungumze chupa.

Shemeji mwandalieni busaa, pombe yetu ya kienyeji ya nafaka. Hiyo haifungwi, inanywewa ikiwa bado inachachuka, na wazee kutoka Kakamega wataifurahia kuliko hiyo yetu. Stauti ngoja Desemba. Yenye nguvu hivi ikikaa miezi inalainika, ule ukali wa kukaangwa unatulia, unaanza kusikia kahawa na chokoleti vizuri. Ningesikitika sana tuikose kwa ajili ya Jumamosi moja.

Na yule wa Kondele anayetaka kreti mbili, mwambie hapana. Kuuza bila leseni ni kosa, sheria ya vileo ya 2010 iko wazi, na wewe una watoto.

Mama Imani anakusalimu. Habari ya shamba la Molo... hiyo ni ndefu, tutaongea tukionana.

Sasa nijibu. Ulitia pakiti ngapi za hamira? Ndoo iko upande wa jiko au wa dirisha? Ukionja, bado ni tamu ya kunata, au imekauka? Chupa ulizopata ni zile nzito za bia, au za kuokota tu? Mama mguu unaendeleaje? Na shemeji anatua Ijumaa au Jumamosi yenyewe? Nipigie kesho, hata usiku, kabla hujagusa kizibo chochote.

Ndugu yako,
Baba Imani