Mwanangu, soma maandishi ya kisu kabla ya kununua jiwe

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema jiwe ulilonunua soko la Kibuye, lile linalonoa panga vizuri, linateleza tu juu ya kisu chako cha kukunja. Jiwe halina kosa, na mkono wako pia hauna kosa. Uliniambia kwamba karibu na bawaba ya kisu pameandikwa S30V, na jibu liko hapo.

Hiyo ni stenlesi yenye kromiamu asilimia 14 hivi na vanadiamu asilimia 4. Vanadiamu ikishikana na kaboni huwa punje ndogo mno, ngumu kupita chuma chenyewe, ziitwazo kabidi. Fikiria zege: chuma ndicho saruji, kabidi ndizo kokoto. Kwa kipimo cha Vickers, kabidi za vanadiamu zina ugumu wa karibu 2,800. Mawe mengi ya kawaida ni ya oksidi ya alumini, ambayo ni kama 2,000. Basi jiwe linakula saruji na kuziacha kokoto zimechomoza, kisha zinang'oka na ukingo unabaki na mapengo. Panga halina kokoto hizo, ndiyo maana linanoleka upesi. Hata kisu cha 440C, stenlesi nyingine ambayo kabidi zake ni za kromiamu, laini kuliko jiwe, hunoleka kwa jiwe hilohilo bila shida. Kwa hiyo usilitupe.

Kwa S30V tafuta almasi: sahani ya chuma ambayo punje za almasi zimeshikizwa juu yake kwa nikeli. Chukua ya urefu wa sentimita 15 na upana wa 5 au zaidi, yenye uso mzima. Zile zenye matundu matundu hunasa ncha ya kisu kidogo. Weka rula ya chuma juu yake na uitazame kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati, irudishe.

Katika kuchagua ukali wa sahani ndipo wengi hupotezea pesa, kwa sababu namba hazilingani kati ya watengenezaji. Namba 1000 ya Kijapani ni punje za maikroni 15 hivi (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), lakini kwa DMT, watengenezaji wa sahani za almasi wa Marekani, namba 600 ni maikroni 25 na 1200 ni maikroni 9. Wewe uliza maikroni. Ya 45 ni ya kutengeneza ukingo uliomeguka. Ya 25 ndiyo ya kazi ya kila mara. Kama pesa inatosha moja tu, nunua hiyo. Ya 9 ni ya kumalizia. Chini ya hapo sioni haja, maana kisu cha kukatia kamba ya katani au kupasulia ngege kinahitaji ukingo wenye meno kidogo. Uking'arishwa kama kioo, utateleza kwenye ngozi ya samaki.

Sasa kunoa. Kifungue kisu mpaka kifuli kishike. Paka ukingo wino wa kalamu nene pande zote mbili. Lowesha sahani kwa maji yenye tone la sabuni, mafuta hayahitajiki. Pembe iwe digrii 20: kama ubapa una upana wa milimita 25, mgongo uinuke milimita 8 na nusu kutoka kwenye sahani. Pitisha mara tatu, kisha tazama wino. Ukitoka sehemu ya juu tu, iliyo upande wa mgongo, mgongo umeuinamisha mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali peke yake, umeuinua kupita kiasi. Rekebisha, halafu endelea upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole, kutoka mgongoni kuelekea nje, usikie utepe mwembamba wa chuma uliojikunja, kuanzia mpinini hadi nchani. Usipousikia, makali bado hayajakutana, na kugeuza kisu mapema ndiko kunakofanya watu wanoe saa nzima bila kitu. Ukishausikia, geuza ufanye vivyo hivyo. Mwishoni pitisha kwa kubadilisha pande, mara moja huku na mara moja kule, ukipunguza uzito wa mkono mpaka kisu kijibebe chenyewe. Utepe usipoondolewa, kisu kitakata karatasi leo na kesho kitakuwa butu.

Usikandamize, mwanangu. Uzito wa kisu na vidole viwili vinatosha. Ukikandamiza, almasi zinang'oka kwenye nikeli, na hakuna wa kuzirudisha. Sahani mpya itakwaruza sana kwa visu vichache vya kwanza. Hiyo ni kawaida, itatulia.

Vile vinoleo vya kuvuta kisu katikati ya vyuma viwili viepuke, kwani hukwangua na kumegua chuma kigumu. Kisu hiki pia usimpe fundi wa tairi la kusaga. Ukingo ni mwembamba, unapata joto na kupoteza ugumu kabla hujaona rangi yoyote ikibadilika.

Ukimaliza, suuza bawaba, kwa sababu unga wa chuma na almasi ukibaki humo utailegeza. Kausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Sahani nayo isugue kwa kifutio cha penseli kilicholowa, uisuuze na kuikausha kabla ya kuiweka.

Nipimie upana wa ubapa kwenye rula unitumie, nikukokotolee milimita za kuinua mgongo.

Baba yako,
Kisumu